Mapango ya Mlima Hoyo: nani aingie?

Ukitoka Manguredjipa, ukapita Butembo, Beni na Eringeti kuelekea Komanda, utafika Mlima Hoyo, Ituri. Maji ya mvua yamekula mawe yake ya chokaa kwa muda mrefu mno na kufungua mapango mengi. Ni hifadhi ya umma, chini ya ulinzi wa ICCN, taasisi ya Kongo ya uhifadhi wa mazingira.

Pango la Matupi ndilo lenye thamani kuu. Mwaka 1973 na 1974 mwanaakiolojia Mbelgiji Francis Van Noten alichimba humo, akakuta zana ndogo za mawe. Tabaka za chini zina umri wa zaidi ya miaka 40,000. Mifupa ya wanyama ilionyesha kwamba mbuga ya nyasi iliwahi kukaribia hapa palipo msitu leo. Habari zote hizo zimo katika mpangilio wa udongo, na wachimbaji dhahabu wetu wanajua vizuri: udongo ukishageuzwa haurudi kwenye tabaka zake.

Wapo wanaotaka mapango yafunguliwe kwa wote, kwani watalii huleta kipato, na Wambuti wanaoujua msitu huu wanastahili kukipata. Ni hoja ya haki. Lakini mapango yanaweza kuwa hatari pia: mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alikufa kwa ugonjwa wa virusi vya Marburg baada ya kuingia pango la popo huko Maramagambo, Uganda. Sasa wageni huwatazama popo hao kwa mbali.

Usalama ukirudi katika eneo hili, mapango mengine yafunguliwe, kila kundi likiongozwa na mwenyeji. Matupi libaki la watafiti wenye kibali.