«Wazee wanasema»: neno kwa wanaosoma kazi za wanafunzi

Kila mwaka katika vyuo vya Bukavu wanafunzi wanaleta kazi zao za kumaliza masomo, na nyingi zahusu desturi za mababu: ndoa, mazishi, kutawazwa kwa mwami. Mwalimu anachukua kalamu nyekundu. Anasahihisha Kifaransa, anahesabu vitabu vilivyotajwa, anatazama kama sura zinafuatana vema. Lakini penye maneno «wazee wanasema», kalamu inapita bila kusimama. Wazee gani? Wa kijiji gani? Je, walijua kwamba maneno yao yataandikwa? Juu ya maulizo hayo tukumbuke habari moja ya Kivu yetu.

Mwaka 1947 Wabelgiji walianzisha chuo cha uchunguzi kilichoitwa IRSAC, na makao yake makuu yakajengwa Lwiro, kaskazini ya Bukavu, karibu na Katana. Wengine walichunguza matetemeko ya nchi na wanyama. Wengine walitumwa kuchunguza maisha ya watu. Mmoja wa hao alikuwa Mbelgiji Daniel Biebuyck. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, kwa Wanyanga wa Walikale (siku zile Walikale na Bukavu zilikuwa katika jimbo moja la Kivu), alimsikiliza mwimbaji Candi Rureke akitoa habari za Mwindo, mtoto wa mfalme ambaye babaye mwenyewe alitaka kumwua tangu kuzaliwa. Wanyanga wanaita masimulizi ya namna hiyo karisi. Rureke aliimba, akasimulia, akacheza, siku 12. Mwanafunzi anayerudi kutoka kijijini baada ya mchana mmoja, daftari limejaa, afikiri kidogo juu ya siku hizo 12.

Kitabu kilichapwa California mwaka 1969. Mbele yake yameandikwa majina mawili: Biebuyck, na Kahombo Mateene, Mnyanga aliyeshiriki katika kutafsiri, ambaye baadaye aliongoza huko Kampala ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Ndani limo jina la Rureke na la kijiji. Tena yamo maneno yenyewe ya Kinyanga pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na kwangu hilo lapita yote: Mnyanga yeyote ajuaye kusoma aweza kuweka kidole juu ya mstari na kusema, «Hapa mmekosea.» Penye tafsiri peke yake, msomaji hana njia ila kuamini.

Tusisifu kupita kiasi. Kiingereza si lugha ya Bese, na California ni mbali.

Tena si kila neno linalosikiwa ni la kuandikwa. Biebuyck huyohuyo alikaa kwa Warega, ambao chama chao cha Bwami kilikatazwa na serikali ya kikoloni mwaka 1948. Katika Bwami maana ya sanamu inafundishwa kwa kadiri ya daraja la mtu, na aliye chini haonyeshwi mambo ya walio juu. Mwanafunzi akiambiwa jambo la namna hiyo na mjomba wake, ruhusa ya kusikia si ruhusa ya kuchapa. Padri asiyefungua siri ya maungamo asishangae kuona kwamba wengine nao wana siri zao. Na katekista ajue hatari yake mwenyewe: mzee anamjibu kwa heshima, pengine kwa kumwogopa Padri nyuma yake. Amwambie wazi kwamba anaweza kukataa, na kwamba akikataa hakuna kitakachoharibika, wala kwa ubatizo wa wajukuu wala kwa mazishi.

Kuna kazi nyingine ambamo jina lafaa kufichwa. Tangu vita vya mwaka 1996 wanafunzi wengi wa Kivu ya Kusini wameandika juu ya waliofukuzwa katika vijiji vyao na wanawake waliotendewa jeuri. Rureke alistahili kutajwa. Mama huyu astahili kulindwa, naye halindwi kwa kufuta jina tu. Nimesoma ukurasa ambapo jina halikuwepo, lakini zilikuwepo parokia, kazi ya mume na hesabu ya watoto. Jirani gani asingemjua?

Basi mwalimu afanye nini? Aombe daftari. Kazi isomwe pamoja na makaratasi ya shambani, yenye siku, mahali, lugha, na neno la mzee jinsi lilivyotoka kinywani mwake. Mwenye kubuni wazee mezani atajulikana upesi, kwa maana wazee wake wote husema Kifaransa kizuri na hawapingani kamwe. Kisha kabla ya siku ya kuitetea kazi, mwanafunzi arudi kijijini amsomee mzee kwa lugha yake yale aliyoandika. Safari hiyo inakula fedha na wakati, na huenda sura nzima ikaandikwa upya. Wakubwa wa vyuo wanaopanga siku za kuitetea waipe nafasi.