Kazi, Mawazo na Tuhuma ya Uzushi: Jamaa katika Kambi za Kolwezi

Mwaka 1931 ilikamilika reli iliyotoka Tenke, ikapita Kolwezi na Kasaji, ikafika Dilolo kwenye mpaka wa Angola. Tangu hapo kijana wa Kilunda au wa Kichokwe aliyepanda gari moshi Kasaji akielekea mashariki alisemwa kuwa anakwenda "kutafuta kazi". Kulima na kuwinda kulikuwa na jasho lake, lakini hakukuitwa hivyo. Kazi ilikuwa ni ile ya mshahara na posho, yenye saa zake na msimamizi wake. Insha hii inaeleza namna wachimba shaba wa Kolwezi walivyolichukua neno hilo, pamoja na maneno mengine ya kila siku, wakayaingiza katika dini yao. Na namna wasikilizaji mbalimbali walivyoyapokea, wengine kwa furaha, wengine kama tusi kwa imani.

Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaajiri watu kwa mikataba mirefu na kuwahimiza wakae kambini na wake zao. Hivyo kambi ikawa mahali pa familia zilizotoka makabila mengi, mbali na wazee wao. Lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili, ambacho kampuni na misheni zilikitumia kazini, shuleni na kanisani.

Katika mazingira hayo aliingia padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels (1906–1977), aliyefika Kongo mwaka 1933. Kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilitolewa kwa Kifaransa mjini Elisabethville mwaka 1945. Tempels alidai kwamba Waafrika wana falsafa kamili, na kwamba mmisionari asiyeijua hubatiza watu asiowafahamu. Askofu Jean-Félix de Hemptinne wa Katanga alikiona kitabu hicho kuwa hatari kwa dini na kwa utawala. Mwaka 1946 Tempels alirudi Ulaya, na hakurejea Kongo hadi mwaka 1949.

Si wote waliokisoma walikasirishwa na jambo lile lile. Alioune Diop wa Senegali alikichapisha upya Paris mwaka 1949 na kukiandikia dibaji ya sifa. Aimé Césaire wa Martinique, katika maandishi yake dhidi ya ukoloni, alikishambulia kutoka upande mwingine kabisa: wafanyakazi wanahitaji ujira, nyumba na chakula, naye Tempels anawapa heshima ya kifalsafa isiyomgharimu mkoloni chochote. Kwa hiyo askofu aliona kwamba Mwafrika amepewa mno. Césaire aliona kwamba amepewa kidogo. Swali la kazi lilikuwamo tangu mwanzo wa mabishano.

Mwaka 1953 Tempels alipelekwa katika kambi za Kolwezi. Huko, badala ya kuhubiri kwanza, aliwauliza waumini wanatamani nini zaidi maishani. Majibu yao yalikusanywa katika maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo. Kutokana na mazungumzo hayo kilizaliwa kikundi cha watu wa ndoa kilichoitwa Jamaa. Wanachama waliitana baba na mama. Mikutano yao iliitwa mafundisho, na ngazi za kuingia ziliitwa njia. Mume na mke wapya waliongozwa na mume na mke waliotangulia, ambao walihesabiwa kuwa wamewazaa, au "wamewazala" kwa lahaja ya Katanga. Mapadre kadhaa nao waliingia katika uhusiano huo.

Msomi aliyeichunguza lugha hiyo kwa makini ni Johannes Fabian, aliyefanya utafiti Kolwezi mwaka 1966 na 1967 na kuchapisha kitabu juu ya Jamaa mwaka 1971. Alionyesha kwamba neno kuu la mafundisho lilikuwa "mawazo". Katika matumizi ya kawaida mawazo ni fikra zinazompitia mtu akiwa shimoni au njiani kurudi nyumbani. Katika Jamaa neno hilo lilibeba utu wenyewe, hata likatumiwa kumzungumzia Mungu. Mwaka 1973 alichapisha makala juu ya neno "kazi" peke yake. Nalo katika mafundisho halikuishia kwenye mshahara: liligusa pia wajibu wa mume kwa mke, na wa wote wawili kwa wale waliowazaa kiroho. Mtu ambaye kampuni ilimjua kwa namba alijieleza hapo kuwa baba wa watu.

Hapo ndipo tuhuma zilipopata nafasi. Maneno yenyewe hayakuwa mageni. Kila padre aliyejua Kiswahili aliyasikia kila siku. Lakini aliyesikia kwamba mama fulani "amemzaa" padre, au kwamba watu wawili "wamekutana" katika mapendo, aliweza kuelewa mambo ya mwili. Aliyesikia Mungu akielezwa kwa mawazo aliweza kudhani kwamba imani mpya imetungwa. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962. Vikundi vilivyojitenga, vilivyoitwa Katete na kulaumiwa kwa uasherati, viliongeza hofu, ingawa wengi wa Jamaa walivikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 maaskofu waliikataza, na wanachama wakatakiwa waikane ndipo waendelee kupokea sakramenti.

Miitikio ya wanachama ilitofautiana kama ile ya wakubwa wao. Wako waliotii wakabaki parokiani. Wako waliokataa, kwa kuwa kukana mafundisho kulikuwa ni kumkana baba na mama aliyewazaa, wakaendelea kukutana nje ya Kanisa. Mfanyakazi wa shaba aliyenyimwa komunyo hakupoteza ibada tu. Alipoteza pia nafasi yake mbele ya majirani wa kambi ile ile.

Historia hii inaonyesha kwamba kosa la dini halikai ndani ya neno peke yake, bali kati ya msemaji na msikilizaji. Uchunguzi wa msamiati ungeweza kutenganisha uzushi na tafsiri mbaya kabla watu hawajalazimishwa kuchagua. Kwa wanafunzi wa Kiswahili kazi hiyo bado ipo. Kamusi za Kiswahili sanifu hazielezi maana ambazo "mawazo", "kuzala" na "kazi" zilipata Kolwezi, na wazee walioyasikia mafundisho hayo kwa masikio yao wanazidi kupungua kila mwaka. Yafaa waulizwe wangali hai.