Mlinzi Anayemjua Adui

Katika riwaya nyingi mlinzi wa geti ni mhusika mdogo tu. Anapiga miayo, anafungua geti, hadithi inasonga. Mwilini mwetu mlinzi ndiye hadithi yenyewe, na swali lililowasumbua mabingwa kwa zaidi ya miaka 100 ni hili: anamjuaje adui?

Mwaka 1882, huko Messina, Italia, Élie Metchnikoff alichoma miiba kwenye watoto wachanga wa kiti cha pweza, ambao miili yao inaonekana ndani kama kioo. Asubuhi yake akakuta chembe hai zimeizingira miiba. Akang'amua kwamba chembe nyeupe za damu yetu nazo huwazingira vijidudu na kuwala. Mwaka 1908 akapata Tuzo ya Nobel. Sawa, zinakula. Mbona hazitutafuni sisi?

Mwaka 1989 Charles Janeway wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliandika kwamba lazima chembe hizo ziwe na vipokezi, mfano wa vidole vya kupapasia, vinavyotambua vitu walivyo navyo vijidudu lakini sisi hatuna. Ushahidi? Bado hakuwa nao.

Kumbe ulikuwa kwa inzi! Mwaka 1996 kundi la Jules Hoffmann, Strasbourg, Ufaransa, lilionyesha kuwa inzi wa matunda ambao jeni yao iitwayo Toll imeharibika huuawa na kuvu. Mwaka uliofuata Janeway na Ruslan Medzhitov wakatangaza jeni ya ukoo huo kwa binadamu. Halafu 1998 Bruce Beutler, Dallas, akategua kitendawili cha panya wa aina fulani: ukiwadunga sumu ya ukuta wa bakteria, hawaugui. Bahati yao? Wapi! Wakiingiwa na Salmonella wazima, ndugu wa wale waletao homa ya matumbo, hufa kirahisi. Kipokezi chao, TLR4, kilikuwa kibovu. Mlinzi kipofu hapigi yowe.

Hapo ndipo nikakaa nikawaza. Homa inayotutetemesha usiku ni yowe la mlinzi aliyeamka. Likizidi mno laweza kuua. Likikosekana, adui anajenga nyumba.

Tuzo ya Nobel ya 2011 walipewa Hoffmann na Beutler, pamoja na Ralph Steinman kwa kazi nyingine. Janeway alishafariki 2003. Sisi tunaojifunza kalamu tumkumbuke: alithubutu kuandika alichokiwaza, kisha akaingia maabara kukitafuta.