Dhima, dhamana na fidia: istilahi za bima ya mshauri wa kazi

Mtu anayelipwa ili awaelekeze wengine namna ya kuandika wasifu, kujiandaa kwa usaili au kuhama ajira hauzi bidhaa, anauza ushauri. Mteja akiacha kazi kwa kuufuata ushauri huo, kisha akapata hasara, anaweza kumdai mshauri wake. Bima inayombebea mshauri mzigo huo ni *bima ya dhima ya kitaaluma*. Anayeifasiri hati yake hukutana na istilahi zinazokaribiana mno kimaana, na uteuzi wake huweza kuamua ni nani atakayelipa.

1. Dhima na dhamana

*Dhima* (ngeli ya I-ZI, asili: Kiarabu) hufahamika zaidi kwa wanafunzi katika maana ya kazi au nafasi ya kitu: *dhima ya fasihi katika jamii*, *dhima ya kiambishi*. Katika sheria na bima, neno hili humaanisha wajibu wa kubeba matokeo ya tendo, hususan kulipa hasara iliyompata mwingine.

*Dhamana* (I-ZI, asili: Kiarabu) ni ahadi inayotolewa ili kuhakikisha kwamba jambo fulani litatimizwa. Mshtakiwa huachiwa kwa dhamana. Mkopaji hutakiwa awe na mdhamini. Linganisha:

- Sahihi: *Bima hii inagharimia dhima ya mshauri kwa mteja wake.*
- Si sahihi: *Bima hii inagharimia dhamana ya mshauri kwa mteja wake.*

Sentensi ya pili inadokeza kwamba mshauri alimhakikishia mteja matokeo, kwa mfano kwamba angepata kazi. Ahadi ya namna hiyo ni miongoni mwa mambo ambayo hati za bima ya dhima kwa kawaida huyaondoa.

Aidha, *dhima ya kitaaluma* itofautishwe na *dhima kwa umma*. Mteja akidai kwamba ushauri mbaya umemtia hasara, hilo ni la kwanza. Akiteleza sakafuni ofisini mwa mshauri na kuvunjika mkono, hilo ni la pili. Majina *bima kubwa* na *bima ndogo*, yaliyozoeleka Tanzania, ni ya vyombo vya moto na hayafai hapa.

2. Fidia na kinga

*Fidia* ni malipo yanayokusudiwa kumrudisha aliyepata hasara katika hali aliyokuwa nayo kabla, bila kumpa faida ya ziada. Kwa hiyo fidia si *zawadi*, wala si *mafao*, neno linalofaa zaidi kwa hifadhi ya jamii.

*Kinga* hutumiwa sana katika matangazo ya bima, lakini katika hati lina hatari yake. Kinga huzuia jambo lisitokee, na kisheria *kinga ya kutoshtakiwa* humfanya mtu asifikishwe mahakamani. Bima haizuii lolote kati ya hayo: mshauri mwenye bima bado anaweza kudaiwa, ila gharama hubebwa na mwingine kwa kiwango kilichokubaliwa. Badala ya *kinga dhidi ya dhima*, andika *bima ya dhima*.

3. Kukata na kukatiwa bima

Katika *kukata bima*, kitenzi *kata* kina maana ile ile iliyomo katika *kukata tiketi*: kulipia na kupewa hati. Anayefanya hivyo ni *mkata bima*. Utata hujitokeza katika umbo la kutendewa. *Amekatiwa bima na mwajiri wake* maana yake amelipiwa, ilhali *amekatiwa umeme* maana yake ameondolewa huduma. Katika barua ya kumaliza mkataba, epuka *umekatiwa bima*. Andika *bima yako imesitishwa* au *imefutwa*.

4. Kirejeshi na wakati

Hapa ndipo penye uzito mkubwa zaidi. Bima nyingi za dhima ya kitaaluma huzingatia siku dai lilipowasilishwa, si siku ushauri ulipotolewa. Bima ya gari, kinyume chake, hutazama siku ya ajali. Tofauti hiyo hubebwa na kitenzi chenye kirejeshi:

(a) *madai yatakayowasilishwa katika kipindi cha bima*
(b) *madai yatokanayo na ushauri utakaotolewa katika kipindi cha bima*

Chukua mfano wa mshauri aliyetoa ushauri Machi 2023 akiwa na bima, bima hiyo ikaisha Desemba bila yeye kuihuisha, na mteja akamdai kwa mara ya kwanza Juni 2024. Kwa maneno ya (a), atalipa mwenyewe. Kwa maneno ya (b), kampuni ya bima italipa. Mfasiri anayefupisha kwa kuandika *madai ya kipindi cha bima* ameiachia a-unganifu ibebe maana zote mbili, na penye mgogoro kila upande utashika ile inayoufaa.

5. Jina la kazi

Hati ya bima hutaja shughuli inayokatiwa bima, na dai linalotokana na shughuli isiyotajwa huweza kukataliwa. Kwa sababu hiyo, jina la kazi lisiandikwe kwa mazoea:

- *Mshauri nasaha* hueleweka kuwa mtu anayewasaidia watu wenye matatizo ya kihisia au ya kijamii.
- *Mshauri wa taaluma* huelekeza fikra kwenye masomo. Katika shule za Tanzania, *mwalimu wa taaluma* ndiye msimamizi wa masomo na mitihani.
- *Kocha*, bila kifafanuzi, huibua picha ya uwanja wa michezo.

Inapendekezwa kuandika *mshauri wa ajira na maendeleo ya kazi*, kisha kuorodhesha shughuli zenyewe: kuandaa wasifu, mafunzo ya usaili, ushauri wa kubadili kazi. Orodha hiyo huziba pengo ambalo jina pekee haliwezi kuliziba.

Tazama pia: ada ya bima, dai, mdhamini, mtu wa tatu, uzembe.