Mzazi ana deni: je, mtoto atanyimwa mkopo wa chuo?

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wasikilizaji wetu huuliza swali moja kwa namna nyingi. Baba alikopa pembejeo, mvua zikagoma. Mama alichukua "kausha damu", marejesho yakamshinda. Kijana mwenyewe ana deni la mkopo wa simu. Sasa wanaogopa: jina likishachafuka, je, Bodi ya Mikopo itamkataa mtoto?

Jibu fupi: hapana

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, si benki. Benki humpa mkopo mtu anayeonyesha kuwa atalipa. Bodi humtafuta mwenye uhitaji. Haiombi hati ya shamba wala rekodi ya madeni ya mzazi. Inachoangalia ni kama mwombaji ni Mtanzania, amepata nafasi katika chuo kinachotambuliwa, hana kipato cha ajira, na familia yake haiwezi kumlipia.

Kwa hiyo hakuna haja ya kuuza ng'ombe ili kulipa deni la kausha damu "kusafisha jina" kabla ya kuomba. Tunza fedha hiyo kwa nauli na siku za mwanzo chuoni.

Deni linaloweza kukuzuia

Lipo deni moja la kuangalia: la Bodi yenyewe. Aliyewahi kupata mkopo wake akaacha masomo, kisha akataka kuomba upya, hutakiwa kwanza kurejesha angalau asilimia 25 ya alichopokea.

Ushahidi wa uhitaji

Wengi hukosa mkopo, au hupata kidogo, si kwa sababu ya madeni bali kwa sababu ya karatasi. Kusema "sisi ni maskini" hakutoshi. Andaa mapema:

- Cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, au na mamlaka ya Zanzibar kwa waliozaliwa huko.
- Cheti cha kifo, nacho kimehakikiwa, kama mzazi amefariki.
- Uthibitisho wa mganga mkuu wa wilaya au mkoa, kama mwombaji au mzazi ana ulemavu.
- Namba ya kaya, kama familia imo katika mpango wa TASAF.
- Picha na nakala ya kitambulisho cha mdhamini.

Maombi hufanyika kwa mtandao. Ada yake imekuwa shilingi 30,000, hulipwa kwa kumbukumbu namba inayotolewa na mfumo, hata kwa simu. Fomu huchapishwa, husainiwa na mwombaji na mdhamini, hugongwa muhuri wa serikali ya kijiji au mtaa na kuthibitishwa na wakili au hakimu, kisha hupakiwa tena. Ukurasa mmoja usio na saini unaweza kukwamisha maombi yote. Usisubiri wiki ya mwisho.

Ukitumia mtu wa steshenari, kaa naye hadi mwisho na uondoke na neno lako la siri. Anayetaka fedha itumwe kwenye namba yake binafsi "ili akupitishie" ni tapeli.

Ukikosa

Bodi hufungua dirisha la rufaa baada ya kupanga mikopo. Rufaa yenye nguvu huleta ushahidi ambao haukuwemo mwanzo.

Kwenye benki hali ni tofauti. Huko rekodi ya madeni husomwa, kupitia kampuni za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu. Mzazi mwenye deni aende kwanza kwa aliyemkopesha, wapange upya marejesho kwa maandishi. Kukopa kausha damu nyingine ili kulipa ada ni kuzima moto kwa mafuta ya taa.

Nao huu ni mkopo

Fedha hii hurejeshwa. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, jambo lililowapunguzia wengi mzigo. Lakini asiyelipa anaweza kujikuta katika orodha ileile ya wadaiwa aliyoiogopa kwa mzazi wake.

Masharti huweza kubadilika, hivyo soma mwongozo wa mwaka husika. Unatolewa bure kwenye tovuti ya Bodi, na upo kwa Kiswahili.