Mwaka Kura Zilipokoma

Jiografia ya Uingereza sikufundishwa na mwalimu, nilifundishwa na matokeo ya mpira. Jumamosi jioni, nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, nilikuwa nimeinamia redio ya baba, mawimbi mafupi yanakuja na kutoweka kama maji ya pwani, na msomaji anayataja majina: Rochdale, Crewe Alexandra, Torquay United. Msomaji huyo alikuwa na mbinu yake. Akifika kwenye jina la timu ngeni akalipandisha, ushajua wageni wameshinda. Akilishusha, ushajua wamefungwa. Mabao yenyewe hajayataja bado.

Nilikuwa kidato cha pili nilipoanza kuitafuta miji hiyo kwenye atlasi ya shule na kuizungushia penseli. Timu zilikuwa 92, zimegawanywa madaraja manne. Miji mingine haikuwemo kwenye ramani, nikaichomeka kwa kukisia. Kilichonisumbua ni kitu kimoja. Daraja la Kwanza unashukia la Pili, la Pili unashukia la Tatu, hayo tunayajua hata huku kwetu. Sasa aliyeburuza mkia Daraja la Nne anashukia wapi?

Jibu nililipata baadaye, nikacheka. Alikuwa hashuki. Alikuwa anapigiwa kura.

Timu nne za mwisho ziliandika barua kuomba zibaki. Kiangazi, kwenye mkutano mkuu wa ligi, wenyeviti wa vilabu walikaa wakaamua. Klabu za madaraja mawili ya juu zilikuwa na kura yake kila moja. Wale wote wa madaraja ya chini, ambao ndio wenye shughuli, waligawana kura za kuhesabika kwa vidole. Timu za nje ya ligi nazo ziliomba kuingia, na karibu kila mwaka zilirudishwa mlangoni. Zimwi likujualo halikuli likakwisha: mwenyekiti aliyenywa chai na wewe miaka 20 hawezi kukutosa kwa ajili ya mgeni asiyemjua. Hartlepool iliomba mara 14 na mara zote ikarudishwa kundini. Torquay, mji wa ufukweni kule kusini, ilishika mkia kabisa 1985, ikasamehewa. Ikashika mkia tena 1986, ikasamehewa tena.

Lakini zimwi hilohilo lilikuwa na siku zake za kula. Gateshead waliliwa 1960, na chini yao palikuwa na timu mbili zilizofanya vibaya zaidi. Barrow waliliwa 1972. Barrow ni mji wa kuunda meli, uko mwisho wa rasi kaskazini-magharibi, barabara ikifika pale haina tena pa kwenda. Msimu ule hawakuwa wa mwisho. Kosa lao lilikuwa kwamba mwezi wa pili, timu ya nje ya ligi iitwayo Hereford ilimtoa Newcastle wa Daraja la Kwanza kwenye Kombe la FA, juu ya uwanja wa matope, na nchi nzima ikaipenda. Wenyeviti nao ni watu, walipenda pia. Hereford wakaingia, Barrow wakatoka. Nikachukua kalamu ya wino, si penseli, nikaikata Barrow kwenye atlasi. Nilijua mtu akitolewa pale harudi.

Workington, majirani wa Barrow, wakafuata 1977. Mwaka uliofuata Southport na Wigan walifungana kura 26 kwa 26, ikabidi zipigwe upya, Southport akaondoka. Na 1980 Altrincham walikosa kuingia kwa kura moja: 25, Rochdale 26.

Sipendi kuusema vibaya utaratibu ule kupita kiasi, maana ulikuwa na utu wake. Lakini ulikuwa utu wa wenyewe kwa wenyewe. Mwishoni wakubwa wa ligi walikubali kuuacha, na msimu wa 1986–87 ukawa wa kwanza ambapo wa mwisho Daraja la Nne angeshuka bila kuulizwa mtu, na bingwa wa ligi ya nje angepanda. Hesabu tupu.

Na hesabu ile haikuchagua. Ilimshika Burnley.

Burnley ulikuwa mji wa viwanda vya nguo huko Lancashire, na klabu yake ni miongoni mwa 12 zilizoianzisha ligi yenyewe mwaka 1888. Walikuwa mabingwa wa Uingereza 1960, wakafika robo fainali ya Kombe la Ulaya. Kocha wa 1987, Brian Miller, alikuwa mchezaji wa kikosi kile cha ubingwa. Sasa alikuwa anahangaika asiwe mtu atakayeizika klabu. Novemba 1986 Telford wa nje ya ligi waliwatoa Kombe la FA kwa 3–0, na mwezi wa kwanza wakafungwa 6–0 nyumbani na Hereford, haohao wa matopeni. Chini ya utaratibu wa kura Burnley wangelala usingizi. Nani angeinua mkono kumtoa mwasisi? Sasa mikono haikuwa na kazi.

Jumamosi ya mwisho, tarehe 9 Mei, chini palikuwa hivi: Lincoln City pointi 48, Torquay 47, Burnley 46. Mmoja anakwenda. Burnley ilikuwa lazima ashinde, na hata akishinda aombee wenzake mabaya.

Uwanja wa Turf Moor, uliozoea watu elfu tatu hivi msimu ule, ulijaa watu zaidi ya 15,000. Wengi walikuja kama wanavyokuja watu msibani. Foleni ilikuwa ndefu hata mechi ikacheleweshwa robo saa. Wapinzani, Orient, hawakuja kutalii, walikuwa wanafukuzia nafasi ya kupanda. Neil Grewcock akafunga kabla ya mapumziko. Baada ya mapumziko Ian Britton, mmoja wa wachezaji wafupi kabisa uwanjani, akafunga la pili, tena kwa kichwa. Orient wakarudisha moja, na zaidi ya nusu saa iliyobaki watu wakashika vichwa. Ikaisha 2–1. Burnley 49, amepona.

Sasa twende Torquay, maana huko ndiko nilikotaka kufika tangu mwanzo.

Torquay walikuwa nyumbani wakicheza na Crewe, na hadi mapumziko walikuwa nyuma 2–0. Beki wao Jim McNichol akarudisha moja kwa mpira wa adhabu. Dakika zinayoyoma, watu wamekaribia mstari, polisi wamejipanga kuwazuia, mmoja wao na mbwa wake, Bryn. McNichol akaukimbilia mpira kuelekea mstarini, mbio zote, na njia ile ilikuwa inakwenda moja kwa moja kwa yule polisi. Mbwa hakujua habari za pointi. Alimwona mtu anamvamia bwana wake, akaruka, akamng'ata paja.

Mechi ikasimama. McNichol akafungwa bandeji, akaendelea kucheza. Nyuzi alishonwa baadaye. Mwamuzi akafidia muda uliopotea kwa ajili ya mbwa, na ndani ya muda huo, ambao bila yale meno usingekuwepo, mabeki wa Crewe wakajichanganya na Paul Dobson akasawazisha. 2–2. Pointi 48.

Lincoln walikuwa Swansea, wamefungwa 2–0. Nao pointi 48, ila kwa tofauti ya mabao wako chini. Hawakuwa wameikalia nafasi ile hata wiki moja msimu mzima. Waliifikia siku ya mwisho, wakati hakuna mechi nyingine ya kuiondokea. Hao ndio waliokuwa wageni wa Bradford ile siku jukwaa la uwanja lilipowaka moto, Mei 1985, watu 56 wakafa, wawili wao mashabiki wa Lincoln. Mwaka uliofuata wakashuka kutoka Daraja la Tatu, na mwaka uliofuata tena, hivi. Ukiniuliza nani alistahili, nitakwambia Torquay. Alikuwa na miaka mitatu ya kujiandaa.

Huku Tanga ilikuwa saa moja kasorobo na baba ameshatoka kwenda kuswali Magharibi. Msomaji akafika Swansea City, mbili. Lincoln City akalishusha. Matokeo ya Burnley na Torquay hayakuwa tayari, mechi hazijaisha. Nikaishika penseli bila kujua niiweke wapi.

Mwishowe nikaufuta mduara wa Lincoln nikauchora wa Scarborough, mabingwa wa nje waliopanda. Mwaka mmoja tu, 1988, Lincoln wakarudi kama mabingwa, nikauchora upya. Miaka 12 baada ya kuingia, Scarborough wakatolewa na bao la kipa: Jimmy Glass, wa kuazimwa, alipanda kwenye kona ya mwisho ya Carlisle dhidi ya Plymouth, akapiga mpira uliomtoka kipa mwenzake. Nikafuta tena. Lincoln wakashuka mara ya pili 2011, wakarudi 2017, na pale karatasi imekuwa nyembamba hata inaonyesha Ufaransa ya ukurasa wa pili.

Kiangazi cha 2020 mjukuu wangu alinisomea kwenye simu kwamba Barrow wamepanda, miaka 48 baada ya ile kura. Nikamwambia anipe atlasi. Wino haufutiki, ikabidi niiandike pembeni, baharini.