Saida Karoli

Saida Karoli (alizaliwa 1976) ni mwimbaji wa muziki wa asili kutoka Mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Huimba hasa kwa Kihaya, pia kwa Kiswahili.

Kuanza na kupata umaarufu

Alikulia kijijini Bukoba, katika mazingira ya nyimbo na ngoma za Wahaya. Mwaka 2001 ilitoka albamu yake Maria Salome. Wimbo wenye jina hilo, ambao wengi huuita "Chambua kama Karanga", ulivuma nchini kote. Hata ndani ya Kagera si wote wanaosema Kihaya. Wilayani Ngara, kwa mfano, wenyeji huzungumza Kihangaza na Kishubi. Hivyo wimbo ulipendwa na wengi wasioelewa maneno yake, wakati ambapo muziki uliosikika redioni ulikuwa zaidi wa Kiswahili.

Kurudi kwake

Baadaye alikaa kimya kwa miaka kadhaa. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa "Salome", uliotokana na wimbo wake, na vijana wakamfahamu. Mwaka 2017 alirudi na wimbo "Orugambo", yaani maneno ya watu.